Siku Nilipopanda Jukwaa la Mzee Oloo

Jumapili, jioni. Mvua imeanza saa nane kama kawaida yake, ikapiga mabati mpaka saa kumi, na sasa imebaki matone na ukungu juu ya chai. Kidole changu cha shahada kimekatwa na waya. Nimekifunga na kitambaa, kwa hivyo mwandiko wa leo ni mbaya, daftari langu, tuvumiliane.

Nina hasira, nina furaha na nina woga, vyote kwa pamoja. Mama ameketi hapo mlangoni amenipa mgongo. Naandika Kiswahili kwa sababu yeye anasoma Biblia ya kikwetu tu, na leo kuna maneno ambayo sitaki ayaone kabla sijamwambia kwa mdomo.

Nimeamua kwenda.

Wacha nianze mwanzo, nisije nikajichanganya mwenyewe. Ijumaa tulikuwa tunapima majani, mimi na Chebet, na Chebet akaja na habari kutoka kwa dereva wa lori la majani. Huyo msichana hawezi kukaa na habari hata dakika tano. Ati bendi ya Jazz ya Mzee Oloo inakuja kupiga kwa holi ya kambi yetu ya wavuna chai Jumapili mchana. Mimi nikasema acha uongo. Jazz ya Mzee Oloo imekuwa ikipiga tangu kabla ya Uhuru, nimeisikia kwa redio ya jirani tangu nikiwa mtoto wa shule, itafuata nini huku kwetu kwenye matope? Akasema ni kweli, na tena mtu wao wa rithim, lile gitaa linalojaza chini ya solo, ameoa huko Mwanza akakataa kurudi, na gitaa la bendi ameenda nalo. Kwa hivyo Mzee akifika mahali anauliza kama kuna mtu anaweza kupiga, lakini mtu huyo aje na gitaa lake mwenyewe.

Nilisimama pale na kikapu mgongoni kama mtu aliyeitwa polisi. Chebet akacheka. "Nekesa, si wewe huwa unatusumbua na hiyo gitaa yako? Sasa twende tuone."

Gitaa ni la mjomba wangu. Alikuwa kiwandani miaka mingi, na aliporudi nyumbani Bungoma aliniachia gitaa na kila kitu alichokijua. Alinifundisha kupiga na vidole viwili, gumba likitembea huku chini na shahada ikicheza huku juu. Alinifundisha pia vile watu wote wa kambi hii wanaweka gitaa sawa. Hapa hakuna piano, na kanisani tuna ngoma peke yake. Tunangoja king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi saa kumi na mbili, unakaza uzi wa tano mpaka ulingane nacho, halafu nyuzi zingine zinafuata huo mmoja. Ukichelewa kuamka, ungoje cha saa nane. Vijana wote wanafanya hivyo, na wakikutana kupiga pamoja, magitaa yanapatana bila shida. Sijawahi kufikiria kwamba kuna njia nyingine.

Redio ni ya jirani na gitaa ni letu, vitu hivyo havijawahi kukaa chumba kimoja, kwa hivyo sijawahi kupiga gitaa huku redio ikiimba.

Leo baada ya kanisa nilimwambia Mama kila kitu, sikuficha. Nilimwambia nataka hiyo nafasi ya rithim. Aliendelea kumenya ndizi. Alisema pale ni mahali pa ulevi, na kwamba msichana akishika gitaa mbele ya wanaume hakuna mtu anasikiliza gitaa. Mimi nikasema basi leo watasikiliza. Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Nilifunga gitaa ndani ya aproni yangu ya plastiki, ile ya kuvunia chai, nikatoka. Mvua ilikuwa inaanza.

Holi ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Kambi zote zilikuwa zimeshuka, watu wa kutoka Sigowet walikuwa wamekuja kwa miguu, vijana wakiwa na suruali pana chini na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, vilivyojaa matope mpaka juu. Hivyo viatu havikutengenezewa Kericho, jamani. Mmoja alianguka mlangoni na akaamka akiendelea kudansi kama vile ilikuwa stepu. Nyapara wetu, Bwana Kirui, alikuwa amesimama ukutani na koti lake refu, mikono mfukoni, anaangalia nani amekuja ili kesho ajue nani atasinzia kazini.

Na bendi! Mzee Oloo ni mfupi kuliko sauti yake. Nilidhani ni jitu. Ni mzee mdogo, kichwa cheupe, suti ya kahawia iliyopauka mabegani, na anapiga gitaa la solo akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni. Wa bezi ni mzee mwingine mnene ambaye hacheki hata kidogo. Wa saksafoni anafunga macho. Hawa watu wamezeeka pamoja, na unaona kabisa kwamba hawahitaji kuangaliana. Mmoja akitaka kugeuza wimbo, wengine wameshageuza.

Nililia kwa wimbo wa kwanza. Nasema ukweli, ni daftari langu. Nilishika aproni yangu na gitaa ndani yake, nikalia, na Chebet akaniuliza kama ni moshi.

Lakini nilisikia pia kile kilichokosekana. Chini ya solo palikuwa na shimo. Mzee alikuwa anapiga solo halafu anarudi haraka kujaza rithim, kama mwanamke anayepika sufuria mbili peke yake. Mimi najua ile sehemu. Nimeipiga usiku na mchana juu ya kitanda changu, kila wimbo wao. Mkono wangu ulikuwa unatembea peke yake juu ya plastiki.

Baada ya wimbo wa nne, akashika maikrofoni. Akasema kwa Kiswahili chake cha ziwani, "Sasa nyinyi watu wa chai, mtu wangu ya rithim iko Mwanza, iko na harusi. Nani hapa anaweza kunisaidia wimbo moja? Nikipenda mkono yake, tutaongea."

Vijana wa kambi, wale ambao kila Jumapili wanajigamba kwamba wakifika Nairobi wataajiriwa siku hiyo hiyo, wote waliangalia viatu vyao. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi."

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Mtu alipiga mbinja. Mwingine akasema, "Rudi kwa kikapu, dada!" Nilipita katikati yao, nimechomoa gitaa kwenye aproni, maji yakidondoka. Niliogopa hata ngazi za jukwaa, na ni ngazi tatu tu. Mzee Oloo hakucheka. Aliniangalia, akaangalia gitaa, akasema, "Haya, nyathina." Baadaye nimeambiwa ni kama kusema mwanangu. Wakasogeza maikrofoni karibu na tundu la gitaa. Akataja ule wimbo wao wa mwanamke aliyekataa kupanda lori. Nikashukuru Mungu. Ule wimbo naujua hata nikiwa na homa.

Akahesabu kwa mguu. Tukaanza.

Mungu wangu.

Ilikuwa sauti mbaya kuliko kitu chochote nimewahi kusikia. Vidole vyangu vilikuwa mahali pake. Mapigo yalikuwa sawa. Lakini kila nilichopiga kilikuwa chini kidogo ya bendi, si chini sana, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kibaya. Kama maziwa yaliyoanza kuganda ndani ya chai. Watu wa mbele wakaziba masikio. Holi nzima ikaanguka kwa kicheko. Yule mzee wa bezi ambaye hacheki, alikunja uso kama ameuma ndimu.

Mzee Oloo akainua mkono, bendi ikanyamaza. Akapiga uzi wake mmoja, akaniashiria nipige wangu. Wake. Wangu. Wake. Wangu. Hata mtoto angesikia.

Akainama akaniuliza, na maikrofoni ilikuwa pale pale kwa hivyo kila mtu alisikia, "Hii sauti umetoa wapi?"

Nikasema, "Kwa king'ora, Mzee. Cha kiwanda."

Hapo walicheka mpaka nikadhani mabati yatang'oka. Lakini niliangalia upande wa vijana wa kambi na hao hawakucheka. Kila mmoja alikuwa anafikiria gitaa lake kule nyumbani. Mmoja ambaye alikuwa amekuja na lake alilisukuma chini ya benchi kwa mguu, polepole. Nilimwona.

Nakiri kitu hapa. Nilitaka kukimbia. Nilishaona mlango, nilishapanga nitapita wapi. Nilishasikia Mama akisema si nilikwambia. Ningetoka wakati ule, leo ningekuwa mtu mwingine, na ninamjua huyo mtu. Angekuwa mkali kwa watoto wake.

Badala yake nikasema, "Nipe sauti yako tena, Mzee. Nitakaza."

Akanipa. Nikaketi kwenye ukingo wa jukwaa, gitaa pajani, mbele ya watu wote, nikaanza kukaza. Yeye anapiga uzi, mimi nazungusha kifunguo. Uzi wa sita. Wa tano. Watu wakaanza kuchoka, wakapiga miguu chini, wakaimba, "Mu-zi-ki! Mu-zi-ki!" Mimi sikuinua kichwa. Nilikuwa nimeingiza sikio ndani ya gitaa. Wa nne. Wa tatu. Wa pili ulilia kidogo lakini ukashika. Uzi wa kwanza si uzi wa duka, ni waya niliotoa ndani ya kebo ya breki ya baiskeli, na haujazoea kuvutwa kupita pale king'ora kilipouacha. Nilikaza kidogo. Nikakaza kidogo tena. Paa! Ulikatika ukanichapa kidole, damu ikatoka.

Chebet alipiga kelele kuliko mimi.

Mzee wa bezi akasema kitu kwa Kijaluo, nadhani alisema basi, imetosha. Mzee Oloo akanitazama tu. Alikuwa anangoja kuona mimi ni mtu gani. Nikafuta damu kwenye sketi, nikasema, "Rithim haihitaji uzi wa kwanza."

Na ni kweli, haihitaji sana.

Akahesabu kwa mguu tena. Safari hii, sijui niandike nini. Tuliingia pamoja. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa ndani ya ile sauti badala ya kuwa nje ya ukuta wa jirani nikiisikiliza. Nilijaza lile shimo. Nilisikia Mzee akiniachia rithim, akapanda juu na solo yake na hakurudi tena kunisaidia, akaenda zake huko juu kama mtu aliyetua mzigo. Wa saksafoni akafungua macho. Mara mbili nilikosea mahali pa kugeuza, nasema ukweli, mara ya pili vibaya, na mzee wa bezi alinirudisha kwa kukanyaga ubao wa jukwaa karibu na mguu wangu. Lakini watu waliacha kucheka. Walianza kudansi. Niliona Bwana Kirui, nyapara mwenyewe, mguu wake mmoja ukitikisika ndani ya gambuti.

Walipomaliza yote na kuanza kufunga vyombo, nilimfuata Mzee nyuma ya holi. Nilimuuliza wazi, kwa sababu siwezi kuzunguka zunguka. Nikasema, "Utanikataa kwa sababu mimi ni mwanamke?"

Akasema, "Bibi yangu huniuliza kila siku kwa nini bendi imejaa wavivu. Na wote ni wanaume." Halafu akawa mkali kidogo. "Sikiza. Masikio uko nayo. Roho uko nayo. Nyuzi ndiyo huna, na kugeuza bado. Jumamosi tuko Kericho mjini, mazoezi saa nne asubuhi. Kuna kijana ya Kipkelion pia nimeambia akuje. Moja yenu atapanda gari na sisi, ingine atarudi kwao. Usipokuja sitatuma mtu kukutafuta."

Sikumwomba aongeze kitu.

Sasa nije kwa ile sehemu ngumu.

Jumamosi ni siku ya kazi. Na hii nyumba tunayolala si yetu, ni ya namba yangu ya kazi, maana kampuni inampa nyumba mwenye namba tu. Mama aliacha kuvuna magoti yalipokataa mteremko, namba yake ikafutwa, na tangu hapo tunakaa hapa kwa sababu mimi nina kikapu. Bendi wakinichukua, namba yangu itafutwa pia, na mtu asiye na namba anatoa vyombo vyake mwisho wa mwezi. Nyumba ya marehemu Baba kule Bungoma ilianguka zamani na shamba ndugu zake wameshagawana. Ndiyo maana kila kitu ninachokitaka kinamgusa Mama pia.

Niliporudi nilimwambia yote, pamoja na aibu ya king'ora. Sikuacha kitu. Akauliza swali moja: "Na mimi nitakaa wapi?"

Nilijibu vibaya. Nilisema, "Kwani mimi nilizaliwa kulinda nyumba ya kampuni?" Mama alichukua kiti akaenda kukaa mlangoni, na ndipo yuko mpaka sasa. Nimeandika hayo maneno hapa kama yalivyotoka ili nisijidanganye baadaye kwamba nilisema vizuri. Nilikuwa nimekasirikia mvua, vijana, kidole, na nikamtupia yeye.

Nimekuwa nikiandika na kufikiria, na hivi ndivyo nilivyoamua. Nitaenda mjini Jumamosi. Kabla ya hapo, kesho asubuhi tukiitwa namba, nitamwendea Bwana Kirui na kumwomba ruhusa ya siku moja mbele ya watu wote, si kwa kunong'ona. Akikataa, nitaenda hivyo hivyo na nitapokea onyo. Onyo moja halimfukuzi mtu. Kila jioni nitapiga kugeuza mpaka mkono ugeuke wenyewe. Huyo kijana wa Kipkelion simjui, labda ni mzuri kuliko mimi, labda ana gitaa la duka. Aje tu. Wakimchukua yeye nitarudi kwenye chai na hakuna mtu atakayeniambia kwamba sikujaribu. Lakini wakinichukua mimi, Mama je? Hapo ndipo kalamu ilisimama muda mrefu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo juu, halafu Mama akaongea. Naandika haraka kabla sijasahau vile alivyosema.

Hakugeuka. Alikuwa bado anaangalia nje, huko chini kwenye kitalu, mahali wanawake wazee hujaza udongo kwenye mifuko ya miche. Alisema, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Wale wa kitalu. Wanafanya kazi wakiwa wameketi, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, Mama. Wanaketi siku nzima.

"Na wana namba?"

Nikasema wana namba.

Akakunja sketi yake vizuri juu ya yale magoti, akasema, "Basi kesho ukiongea na Kirui, usiongee habari yako peke yako."

Nimeenda nikaketi chini karibu na kiti chake. Sikuweza kusema pole, lakini nimeshika mguu wake na hakuuondoa. Kesho namwendea Kirui na maneno mawili, na nitaanza na la Mama, namba ya kitalu.